Nilitengeneza miksi ya foleni ya kivuko, daraja likafunguliwa

fundi_makoroboi

Mwangaluka wakuu.

Huu uzi ni wa wale wanaochanganya nyimbo nyumbani kwa ajili ya washkaji zao tu. MaDJ wa kulipwa mna nyuzi zenu, mkipita hapa piteni taratibu msitucheke.

Mi ni fundi simu pale Makoroboi, mjini kati Mwanza. Muziki sio kazi yangu. Ila tangu 2018 tuko watu sita tuliosoma wote, sasa hivi kila mtu katupwa na maisha upande wake, na tuna kamchezo ketu kwenye grupu la WhatsApp: kila mwisho wa mwezi mmoja anatengeneza miksi, faili moja lisilokatika, anatuma. Majina ya nyimbo hasemi mpaka zipite siku tatu, watu wabishane kwanza. Na lazima iwe na ladha zisizopungua tatu, ukileta bongo fleva mwanzo mwisho unarudishiwa kama daftari la hisabati.

Wenyewe tuko hivi. Mmoja yuko Sengerema ana duka la pembejeo, huyo na nyimbo za Kisukuma za kina Bhudagala ni ndugu wa damu. Mwingine mwalimu kule Shirati, yeye ni benga tu, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo. Kuna wa Dar, Tandale, singeli. Kuna dada mmoja yuko Nyakato, mwanakwaya ambaye kwa siri anajua taarab zote. Wa Nansio ni rege na zilipendwa. Mi mwenyewe ni mtu wa rapu, nimekua na Fid Q kichwani, unategemea nini kwa mtoto wa Rock City.

Sasa kisa chenyewe. Huyu wa Sengerema alikuwa anakuja Mwanza mara mbili kwa wiki kufata mzigo na kirikuu chake, kale kagari kadogo ka mizigo, akirudi anapita Usagara anashuka Kigongo kusubiri kivuko avuke Busisi. Wanaojua ile foleni wanajua. Siku nzuri unavuka chap, siku mbaya unakaa mpaka masaa mawili na jua lote lile, na yeye alikuwa analalamika kwenye grupu kila safari, mara kavuliwa kofia na upepo, mara kivuko kimoja kibovu, tukachoka. Nikamwambia kaka nitakutengenezea miksi ya foleni. Sio utani, niliipima kabisa, dakika 52. Dakika za kwanza ni za kukaa kwenye foleni umenuna, katikati ni pale magari yanaanza kusogea, mwisho ndo kile kivuko kimeshaondoka unaona maji pande zote.

Nimekaa nayo wiki tatu hiyo miksi. Usiku baada ya kazi, umeme ukikatika naanza upya. Kwenye dakika ya 31 kuna kitu nimekificha sikumwambia.

Akaitumia miezi kama minne hivi. Juni 2025 daraja la Kigongo Busisi likafunguliwa. Kilomita tatu, unavuka kwa dakika nne. Akatuma ujumbe kwenye grupu: "fundi, daraja limeisha wimbo wa kwanza haujaisha."

Daah.

Nimecheka lakini nimebaki najiuliza. Kwaiyo nimeleta kwenu, nyie mnatengenezaje zenu na mnazitumaje, tupeane ujanja.

pasiansi_boy

Mkuu si angepita Kamanga tu, kivuko kiko pale pale mjini

fundi_makoroboi

Mzigo wake aliukuta Usagara mkuu, arudi mjini afate nini. Afu tusihamishe uzi ukawa wa usafiri, naomba.

mjukuu_wa_bi_kizee

Swali la kijinga samahani. Kwanini usitengeneze pleilisti tu, unachagua nyimbo 15 unamtumia linki kila mtu anasikiliza kwa raha zake? Wiki tatu za nini bana.

fundi_makoroboi

Sio swali la kijinga, hata mke wangu anauliza hivyo hivyo.

Pleilisti unaruka. Kidole kimoja tu, huu siupendi, next, huu siujui, next. Mwisho wa siku umesikiliza nyimbo nne ulizokuwa nazo tayari kwenye simu. Miksi ni kitu kimoja kama basi, ukipanda Buzuruga unaenda Musoma lazima upite Magu upende usipende. Ule wimbo usioujua umekaa katikati yako na ule unaoupenda, na mi nimeuweka pale makusudi.

Mfano huyu huyu wa Sengerema, benga alikuwa haitaki kabisa. Anasema magitaa yanamwasha. Mi nikamwekea benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz katikati, mbele yake nyuma yake nyimbo za Kisukuma anazozifia. Sikumwambia kitu. Mwezi wa pili ananiuliza ile ngoma ya magitaa kama yanakimbizana ni ya nani. Nikamwambia kaka hiyo ndo benga unayoitukana, na huyo mzee kazaliwa Shirati hapo hapo Mara sio Kenya kama mnavyodhani, ndo maana bendi ina jina hilo.

Kwenye pleilisti angeuruka sekunde ya tatu.

mwl_wa_nyatiti

Mi ndo huyo mwalimu wa Shirati, nimeona nimetajwa 😂

Niongezee hapo. Wanaosema magitaa yanawasha hawajui yanatoka wapi. Yule mpiga solo wa benga anachofanya ni kuligeuza gitaa liongee kama nyatiti, kile chombo cha Wajaluo cha nyuzi nane, anadonoa uzi mmoja mmoja badala ya kukuna zote. Ukishalijua hilo huwezi kuchanganya benga kwa kuanzia mwanzo wa wimbo kama maDJ wanavyofanya. Mwanzo ni maneno na stori. Utamu uko kule mwisho gitaa na besi vikiachwa peke yake. Fundi alinikosea sana miksi zake za mwanzo, alikuwa anaikata benga dakika ya pili, ni sawa na kumtoa mtu mezani nyama inaletwa.

fundi_makoroboi

Nakubali kosa mwalimu, nilikuwa mtoto.

dada_wa_altoo

Jamani na mimi ndo wa Nyakato. Ila hilo la "kwa siri" utanijibu kwenye grupu.

kijana_wa_mabatini

Mkuu mi nina shida ya mapigo. Nikichanganya amapiano ya Sauzi na singeli inakuwa kama magari mawili yamegongana. Natumia laptopu ya zamani. Nifanyeje

fundi_makoroboi

Hapa ndo penyewe, kaa mkao.

Amapiano nyingi zinatembea kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika. Singeli inaanza 200 na kitu huko inapanda mpaka wazee wanatafuta pa kukaa. Ukijaribu kuipandisha amapiano mpaka ifike huko itaimba kama panya. Sasa chukua 112 zidisha mara mbili. 224. Umeiona hiyo? Singeli ya 224 ukiigonganisha na amapiano ya 112, kila pigo moja la huku linabeba mawili ya kule, zinaingiana kama mguu na kiatu. Watu wanadhani umefanya uchawi, kumbe ni jedwali la mara mbili.

Angalizo: programu nyingi zikisoma singeli zinadanganyika, zinakuandikia 112 badala ya 224. Usishangae, ndo hicho hicho.

Mi natumia Mixxx, programu ya kuchanganyia nyimbo, ya bure, inakubali hata kwenye laptopu kama ya kwangu ambayo kioo nimekifunga na selotepu. Kusafisha mwisho natumia Audacity, nayo bure.

Daraja lingine zuri la kuingia singeli ni taarab. Wengi hawajui. Watayarishaji wa singeli wa mwanzo kule Manzese na Tandale walikuwa wanachukua vinanda vya taarab wanavipandisha spidi, na mchiriku, ule muziki wa uswahilini Dar wa vile vikinanda vidogo vya Casio, nao umo humo. Kwaiyo ukichukua singeli ukaipunguza spidi pole pole unasikia bi harusi anaingia ukumbini. Mi huwa nafanya kinyume, naanza na taarab ya taratibu naipandisha kidogo kidogo kwa dakika nzima mpaka mtu anashtuka yuko Tandale.

singeli_tu

Tandale tumesikia. Heshima.

kijana_wa_mabatini

224 imekubali mkuu!!! Mungu akubariki, nimeita mpaka mama aje asikilize, kasema punguza sauti

zilipendwa_nansio

Fundi waambie na ukweli kwamba hiyo hesabu yako haifanyi kazi kwenye dansi.

Nyimbo za bendi za miaka ya 70 zilirekodiwa watu wote wako chumba kimoja wanapiga kwa pamoja, hakuna mashine inayomgongea mpiga ngoma sikioni. Wimbo unaanza taratibu, ukifika kwenye chemko watu wamepata moto wameshaongeza mwendo bila kujua. Kompyuta ikijaribu kupima inachanganyikiwa, mstari unasema hapa kuna pigo, ngoma inasema nimeshapita. Ile kitufe ya kulinganisha yenyewe ukiibonyeza unaharibu. Inabidi sikio lako na kidole, unaushika wimbo wa pili unausukuma kidogo kidogo, kama mtu anayetembea na mzee barabarani, unamfata yeye.

Au usichanganye kabisa. Acha wimbo uishe. Watu wanaogopa ukimya kama vile ni kosa, mi miksi zangu zina sehemu wimbo unaisha, sekunde mbili kimya, mwingine unaanza, na hakuna aliyekufa.

fundi_makoroboi

Hapa tunagombana kila mwezi mi na huyu. Ila dansi kakamata kweli, namwachia.

Kwa ambao hawana masikio ya mzee wa Nansio kuna njia ya tatu, ndo ninayoipenda kuliko zote. Rekodi sauti za mtaani kwa simu uziweke katikati ya nyimbo mbili zisizopatana. Nina sauti ya konda anaita Buhongwa Buhongwa Buhongwa, nina mvua kwenye bati la geto, nina wachambuaji dagaa wanapiga stori pale mwaloni Kirumba asubuhi. Sauti kama hiyo haina mapigo, wimbo wa kwanza unazamia humo taratibu, wa pili unaibukia upande wa pili kwa spidi yoyote unayotaka, na sikio halilalamiki kwasababu limeshasahau lilikotoka.

mzee_wa_C90

Vijana nimesoma nikatabasamu. Mnadhani mmeanza nyinyi.

Sisi tulikuwa na kaseti. C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45. Unakaa na redio jioni nzima, vidole viwili kwenye vitufe vya kurekodia, unasubiri mtangazaji aache kuongea. Na hawaachi! Wimbo ndo unafika patamu anaingia na salamu za mtu wa Geita. Nilikuwa na kaseti nzima za namna hiyo mpaka leo nikisikia ule wimbo redioni bila zile salamu naona umepungua.

Rafiki yangu alihamishiwa kazi Bukoba, nikawa namtumia kaseti kwa meli. Unampa baharia wa MV Victoria pale bandarini jioni, inasafiri usiku kucha, asubuhi jamaa anaipokea Bukoba. Naye ananirudishia ya kwake, nyimbo za Kihaya na za Uganda huko ambazo huku hatukuwa tunazipata. Hilo unalosema la kutoruka, fundi, sisi tulikuwa tunalijua vizuri. Kusogeza kaseti mbele kulikuwa kunakula betri. Betri nne za tochi kubwa ni hela. Unasikiliza ulichowekewa, na kurudisha nyuma ni kalamu ya Bic unazungusha kwa mkono.

Na upande B, wakuu, upande B unaanza na wimbo mzito. Mtu kanyanyuka kwenye kiti akageuza kaseti, usimpe upuuzi.

fundi_makoroboi

Shikamoo mzee. Hiyo ya upande B naichukua. Na hizo kaseti bado unazo?

mzee_wa_C90

Marahaba. Ziko kwenye sanduku. Mbili zimeliwa na redio, zingine zipo.

fundi_makoroboi

Mzee nakuomba PM. Nina redio kaseti moja nzima, waya wa kuingiza kwenye laptopu ninao, nitazihamisha bure kabisa.

mlinzi_wa_maadili

Nimesikia miksi moja ya mtindo huu kwa jirani, kwaya ya AIC Makongoro inaingia kwenye singeli. Hii ni dharau. Watu wanaimba wanamtukuza Mungu nyie mnageuza mziki wa kukatika. Kuna vitu havichanganywi

dada_wa_altoo

Kaka mimi naimba kwaya tangu niko sandei skuli na nimekuelewa. Kwenye grupu letu tulishagombana kwa hili hili mwaka wa kwanza, niliondoka grupu wiki mbili.

Tulichokubaliana ni hivi, kwaya haichezewi spidi na haiwekewi ngoma juu yake. Inakaa peke yake, inaanza inaisha. Lakini kuwa kwenye faili moja na singeli, mbona hata mtaa wetu ndivyo ulivyo? Jumapili asubuhi kanisani kwetu spika zinaangalia barabara, ng'ambo pana baa nayo spika zake zinatuangalia sisi. Tunaimba sauti nne na besi ya baa ndo ya tano.

mlinzi_wa_maadili

Haya dada. Ila huyo jirani wangu yeye aliichezea spidi.

dada_wa_altoo

Huyo mseme tu.

bando_limeisha

Mnazitumaje bila kufilisika? Mi nilitumiwa miksi moja ikala bando la wiki

fundi_makoroboi

Huyo aliyekutumia katoa faili kwa ubora wa 320 kbps bila kukuhurumia. Hesabu ni nyepesi, MP3 ya 320 inakula kama MB 2.4 kwa dakika, ya 128 haifiki MB 1. Miksi yangu ya dakika 52 kwa 320 ni MB 125, kwa 128 ni MB 50. Kwa redio ya kirikuu hakuna binadamu atakayesikia tofauti. Wenye sabufa nzuri nawawekea kwenye flashi wakipita ofisini.

WhatsApp itume kama dokumenti, siku hizi inabeba mpaka GB 2. Na usirekodi miksi kwa kuweka simu mbele ya spika ukatuma voisi noti, kuna mtu kwenye grupu letu alifanya hivyo, sitamtaja ila anafundisha benga.

mwl_wa_nyatiti

Ilikuwa dharura.

fundi_makoroboi

Afu sauti. Nyimbo za zamani ziko chini, za sasa zinapiga kelele kama zinagombea abiria. Kabla hujachanganya zishushe mpya, usizipandishe za zamani. Ile mishale ya kupimia sauti ikigusa nyekundu sauti inapasuka na haitengenezeki tena, hata mi fundi siwezi.

mtu_wa_sheria_kidogo

Na hakimiliki je wakuu? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, wale wa ofisi ya hakimiliki, wapo. Wimbo ni mali ya mwenyewe, kuuchanganya na mwingine hakukupi umiliki.

fundi_makoroboi

Kweli tupu. Ndo maana sisi hatuuzi, hatuweki jina letu kubwa juu, na orodha ya waimbaji inatoka siku ya tatu ili watu wawatafute wenyewe. Niliwahi kupandisha moja kwenye jukwaa la wazi nikaamka asubuhi imeondolewa, sikulalamika, nyimbo sio zangu. Mixcloud, mtandao wa kuwekea miksi, wao wana mikataba ya leseni kwa ajili ya miksi, kama unataka kwenda hadharani anzia huko. Ila mi sitaki hadhara. Watu sita wananitosha.

Ndo ile niliwahi kuombwa kupiga kitchen pati ya binamu nikakataa. Ukumbini kila mtu anakuja na simu anakuonesha wimbo wake, "fundi niwekee huu." Unakuwa karani. Miksi natengeneza nikiwa namuwaza mtu mmoja kakaa sehemu fulani saa fulani. Ukiniletea ukumbi wa watu mia mbili sijui namuongelesha nani.

busisi_kirikuu

Habari wakuu. Nimetumiwa huu uzi na mwalimu. Mi ndo wa Sengerema.

Kwanza fundi asante, hukuwahi kuniambia kama ilikuwa wiki tatu, ningekuletea hata mchele.

Pili kuna kitu lazima niseme maana naona unanijengea sifa humu. Ile ya kutoruka. Redio ya kirikuu ina kale kakitufe, ukikashikilia inakimbia mbele ndani ya wimbo. Nilikuwa nakashikilia. Benga yako nilianza kuisikiliza siku kakitufe kalipong'oka, sio kwa ujanja wako.

mwl_wa_nyatiti

😂😂😂😂😂

singeli_tu

Uzi umekufa hapa

fundi_makoroboi

Miaka saba kaka. Miaka saba unashikilia kitufe.

busisi_kirikuu

Sio miaka saba, mitano hivi. Ila sasa hivi nasikiliza, kweli. Naanzia Usagara, daraja likiisha niko wimbo wa tatu, naendelea nayo mpaka Sengerema mjini, inabaki kama robo nakaa nayo kwenye gari mbele ya duka. Kijana wa dukani anadhani naongea na simu.

Na dakika ya 31 nimeifika juzi. Ile honi. Na yule mama anayeuza karanga anasema "kaka wa kirikuu leo hununui." Ulirekodi lini hiyo? Maana yule mama ananijua, na sasa hivi pale kwenye foleni hakuna mtu, sijui kahamia wapi.

fundi_makoroboi

Ile siku nilikusindikiza, Februari. Ulikuwa umelala kwenye usukani.

busisi_kirikuu

Nitumie hiyo ya 320. Nitalipa bando.

pasiansi_boy

Nimesoma uzi wote mpaka hapa. Linki iko wapi?